Kozi ya Karama na Uzoefu wa Maisha: Je, Inafaa Ada Yake?

Kozi ninayoitathmini hapa hutolewa na kikundi cha wawezeshaji wanaozunguka katika makanisa mbalimbali ya Dar es Salaam, nami niliihudhuria katika usharika mmoja wa Kilutheri. Hufanyika Jumamosi nne mfululizo, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, kwa ada ya shilingi 30,000 ambayo ndani yake mna kijitabu, chai ya saa nne na chakula cha mchana. Lengo lake, kama lilivyosomwa katika matangazo baada ya ibada, ni kumsaidia kila mshiriki atambue alichopewa na Mungu, alichojifunza na alichokipitia, kisha akitumie kuwahudumia wengine. Sitaji jina la kikundi wala la usharika, kwa kuwa baadhi ya niliyo nayo si ya kusifu, na pia kwa kuwa kozi za namna hii zinafanana mno. Msomaji wa Mwanza, Nairobi au Goma anayefikiria kujiandikisha katika nyingine atakutana na mengi ya haya haya.

Msingi wa kozi haukubuniwa na wawezeshaji wenyewe, na ingependeza kama wangelisema hilo wazi. Mgawanyo wake wa sehemu tano, yaani karama za Roho, shauku ya moyo, uwezo, haiba na uzoefu wa maisha, ndio ule ulioenezwa na mchungaji Rick Warren, aliyeanzisha Kanisa la Saddleback katika jimbo la Kalifornia mwaka 1980. Warren si mgeni katika ukanda wetu, kwani mwaka 2005 alikubaliana na Rais Paul Kagame kuifanya Rwanda uwanja wa kwanza wa mpango wake wa kuyatumia makanisa katika kupambana na umaskini, maradhi na ukosefu wa elimu. Madodoso ya kupima karama yana umri mkubwa zaidi. Yalianza kuenea Marekani katika miaka ya 1970, na miongoni mwa walioyapa nguvu alikuwamo C. Peter Wagner, aliyekuwa mmisionari nchini Bolivia kabla ya kufundisha katika Fuller Theological Seminary. Sioni ubaya wowote katika kuazima chombo kilichotengenezwa kwingine, mradi anayekiazima akiangalie kwanza kama kinakata anachotaka kukata.

Dodoso hilo ndilo linalotawala Jumamosi ya kwanza, na kwa maoni yangu ndilo sehemu dhaifu kuliko zote. Mshiriki husoma sentensi moja baada ya nyingine na kujipa alama kuanzia 0 hadi 3, kisha hujumlisha alama zake kwa safu ili aone ni karama zipi zimeongoza. Tatizo la kwanza ni maswali yenyewe. Sentensi inayouliza kama mtu hufurahia kuwapokea wageni nyumbani bila taarifa huenda inawatofautisha watu katika nchi ambako mgeni hupiga simu wiki mbili kabla, lakini kwetu, ambako shangazi hufika na begi lake saa mbili usiku na hakuna anayemuuliza ataondoka lini, karibu kila mtu ukumbini alijipa 3. Tatizo la pili ni kubwa zaidi. Matokeo yalipoandikwa kwenye bango kitita, akina mama walikuwa wamejazana katika ukarimu na kusaidia, na akina baba katika uongozi na utawala. Mwezeshaji alilichukua hilo kama ushahidi wa jinsi Mungu anavyogawa, akaendelea na ukurasa uliofuata.

Mimi nililiona kwa namna nyingine. Mama aliyekaa kushoto kwangu alikuwa mwalimu mstaafu aliyefundisha hesabu katika shule za sekondari maisha yake yote ya kazi, na katika safu ya kufundisha alipata alama za chini kabisa. Aliniinamishia kijitabu chake nione, huku akicheka. Sentensi zote za safu hiyo zilihusu kufundisha Neno mbele ya watu, jambo ambalo hajawahi kuombwa kulifanya; anachoombwa kila semina inapokuja ni kusimamia mapishi. Dodoso lilimuuliza amekuwa akifanya nini kanisani, yeye akajibu kwa uaminifu, na jibu likarudi kwake likiwa limevikwa jina la karama. Chombo kinachopima nafasi ambazo mtu amewahi kupewa hakiwezi kugundua nafasi ambazo amenyimwa, na kama kozi hii inataka kweli kufungua milango mipya, hapo ndipo ilipopaswa kusimama na kuuliza.

Kuna pia suala la orodha yenyewe. Kijitabu kimezichukua karama zinazotajwa katika Warumi 12, katika Wakorintho wa Kwanza 12 na katika Waefeso 4, kikazishona pamoja kuwa orodha moja iliyopewa namba. Ilhali Paulo hakutoa orodha ileile mara mbili, na Petro, katika waraka wake wa kwanza sura ya 4, anazigawa kwa urahisi kabisa kati ya wanaonena na wanaohudumu. Msomaji makini anaweza kuona kwamba mitume walikuwa wakitoa mifano tu. Mshiriki mmoja kijana aliuliza kama kucheza kinanda ni karama, akaambiwa kuwa hicho ni kipaji na kwamba atakikuta Jumamosi ya pili. Jibu hilo lilinishangaza, kwa maana katika Kutoka sura ya 31 Bezaleli anajazwa Roho wa Mungu ili achonge mawe, mbao na vyuma, na mpaka kati ya karama na ufundi haupo kabisa katika maelezo hayo.

Jumamosi ya pili nitaipita haraka. Asubuhi ilihusu vipaji na stadi, nayo ilikuwa nzuri bila kuwa na jipya kubwa. Mchana ulikuwa wa haiba, ambapo tuligawanywa katika yale makundi manne ya tabia ambayo hakuna semina ya vijana Afrika Mashariki inayokosa kuyataja: sanguini (mchangamfu), koleriki (mkali na mwepesi wa hasira), melankoli (mwenye mawazo na huzuni) na flegmatiki (mtulivu). Makundi hayo yametoka kwa matabibu wa Kiyunani wa kale, walioamini kwamba tabia ya mtu hutokana na majimaji manne mwilini mwake, na tiba ya kisasa imeliacha wazo hilo zamani. Kuyafundisha kama elimu ya saikolojia ni kuwapunja watu waliolipa ada. Faida yake pekee niliyoiona ni burudani, kwa kuwa muda wote wa chakula watu walikuwa wakibishana kama mwalimu wa kwaya ni koleriki au ana njaa tu.

Kilichonifanya niandike tathmini hii ni Jumamosi ya tatu, inayohusu uzoefu. Kila mtu alipewa karatasi kubwa na kuombwa achore mstari mmoja mnyoofu kutoka kuzaliwa kwake hadi leo, aandike juu ya mstari mambo yaliyomjenga na chini yake yaliyomuumiza, akipitia maeneo sita: familia, elimu, kazi, maisha ya kiroho, huduma alizowahi kufanya, na machungu. Ukumbi uliokuwa na kelele za wiki mbili ulitulia. Watu wazima, baadhi yao wakiwa wazee wa kanisa, waliinama juu ya karatasi kama watahiniwa, na wengine waliomba karatasi ya pili.

Wakati wa kushirikishana, mzee mmoja aliyekuwa dereva wa malori alisema hana la maana la kuandika, kwani alitumia ujana wake wote akienda na kurudi Tunduma. Mwezeshaji wa siku hiyo, dada mtulivu ambaye kwa maoni yangu ndiye hazina ya kikundi hicho, hakumhubiria. Alimuuliza tu, "Baba, kule njiani ulikuwa ukiona nini ambacho sisi tuliobaki nyumbani hatukukiona?" Mzee alikaa kimya kidogo, kisha akaanza kueleza. Alieleza namna fedha ya safari inavyoishia Makambako kabla haijafika kwa watoto, namna utingo mwenye miaka 18 anavyojifunza pombe ili asionekane mshamba, namna dereva anavyorudi nyumbani akiwa mgeni kwa mke wake, na namna yeye mwenyewe alivyokaa miaka mingi bila kuingia kanisani kwa sababu aliona atanuka dizeli. Alipomaliza, dada yule aliuliza ukumbi ni nani katika usharika ule anayeweza kwenda kuzungumza na vijana wa bodaboda wanaoegesha nje ya geti la kanisa. Hakuna aliyejibu, kwa sababu jibu lilikuwa limekaa mbele yetu likifuta miwani.

Fundisho lililofuata ndilo lililokuwa bora kuliko yote niliyoyasikia katika kozi nzima. Lilianzia Wakorintho wa Pili sura ya 1, ambapo Paulo anasema kwamba Mungu hutufariji katika dhiki zetu ili nasi tuweze kuwafariji walio katika dhiki, likaenda kwa Musa aliyechunga kondoo katika nchi ya Midiani kabla ya kurudishwa nyikani na taifa zima nyuma yake. Hoja ya mwezeshaji ilikuwa kwamba Musa aliifahamu jangwa kwa miguu yake kabla hajaifahamu kwa wito, na kwamba miaka ambayo mtu huihesabu kuwa imepotea inaweza kuwa ndiyo iliyomfundisha njia. Aliongeza tahadhari ambayo wahubiri wengi huisahau: kusema kwamba Mungu anaweza kulitumia jeraha si sawa na kusema kwamba Mungu alilileta jeraha ili alitumie, na mtu aliyefiwa asilazimishwe kuona faida katika msiba wake kwa sababu tu kanisa linahitaji watumishi.

Wazee waliokuwepo walilipokea fundisho hilo kwa wepesi, na sababu inaeleweka. Kanda yetu ina mila yake ndefu ya kuyaweka maisha ya mtu wa kawaida katika huduma. Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao mizizi yake inarejea kwenye kukutana kwa Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church mjini Kampala mwaka 1929 na ambao uliwaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 kabla ya kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ulisimama juu ya ushuhuda. Mkulima, karani na mpishi walisimama mbele ya ndugu wakaeleza walikotoka na walichofanyiwa, bila kusubiri cheti cha chuo cha theolojia. Ninachoona kozi hii inaongeza ni hatua inayokuja baada ya ushuhuda. Katika mikutano mingi ya leo mtu hutoa ushuhuda, watu wakaimba, naye akarudi kukaa. Hapa anaulizwa ni nani aliye katika shimo lile lile hivi sasa, na lini atakwenda kumwona. Ni swali dogo, lakini linauondoa ushuhuda jukwaani na kuupeleka hospitalini, gerezani na kijiweni.

Hata hivyo, siku hiyo hiyo ndipo ilipotokea kasoro ambayo siwezi kuinyamazia. Mwezeshaji mwingine alichukua zamu ya alasiri na kuwataka watu wasome karatasi zao kwa sauti, kundi kwa kundi, pamoja na yale ya chini ya mstari. Mama mmoja alifika mahali pa mtoto aliyemzika, akashindwa kuendelea. Mwezeshaji alianzisha pambio, watu wakaimba, na pambio lilipokwisha alimwita aliyefuata. Hapakuwa na mtu aliyeandaliwa kukaa na yule mama pembeni, hapakuwa na mshauri nasaha, na wala hatukuambiwa mwanzoni kwamba yanayosemwa ukumbini yabaki ukumbini. Kabla ya Jumapili jioni nilisikia habari zake zikitajwa na watu wasiohudhuria kozi. Anayewaomba watu wafungue mambo ya namna hii ana wajibu wa kuweka utaratibu kwanza: kusoma kuwe kwa hiari, makundi yawe ya watu wawili au watatu, na awepo mchungaji au mtaalamu wa ushauri ambaye hana kazi nyingine siku hiyo. Gharama yake haizidi ya soda zilizogawiwa wakati wa chakula.

Kuhusu mambo mengine ya huduma yenyewe, nina machache. Muda uliheshimiwa, jambo ambalo kwa semina za makanisa yetu linastahili pongezi. Pilau ilitosha na wapishi hawakulazimika kukosa vipindi, kwa kuwa chakula kiliagizwa kwa mama lishe wa jirani. Huo ulikuwa uamuzi wa busara ambao ningependa kuuona kila mahali. Kijitabu kina kurasa nzuri za mazoezi, lakini Kiswahili chake kinasomeka kama kimevushwa mpaka bila kukaguliwa, na mahali pengine sentensi inabidi irudiwe mara tatu ndipo maana ijitokeze. Kwa washiriki wenye umri mkubwa herufi ni ndogo mno, na wasiojua kusoma vizuri hawakuwekewa njia yoyote ya kushiriki, ingawa kuna watu wa namna hiyo katika kila jumuiya na baadhi yao wana uzoefu mzito kuliko sisi wenye shahada.

Jumamosi ya nne ilihusu kuwaweka watu katika huduma, na hapa mafanikio ya kozi yanategemea zaidi usharika mwenyeji kuliko wawezeshaji. Kila mshiriki aliandika ukurasa mmoja unaoeleza anachotaka kufanya, kwa nani na kwa muda gani, na kurasa hizo zikakabidhiwa kwa baraza la wazee. Kwa wengine matokeo yalikuwa ya haraka. Kwa wengine kurasa ziligongana na mahitaji ya kanisa. Dada mmoja anayefanya kazi benki alieleza kwa upole kwamba anahesabu fedha za watu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na kwamba siku ya Bwana angependa kukaa na watoto wa shule ya Jumapili. Alipangiwa kamati ya fedha. Ninaelewa hoja ya baraza, kwani mhasibu mwaminifu si mtu wa kumwacha apite, lakini kozi iliyomfundisha kuwa shauku ya moyo ni sehemu ya wito wake haikumwachia njia yoyote ya kujadiliana na wazee shauku na ustadi vinapovuta pande mbili. Kipindi kimoja cha pamoja kati ya washiriki na baraza kingeweza kuondoa manung'uniko mengi.

Yule mzee wa malori naye alikwama kidogo, kwa kuwa hapakuwa na idara inayoitwa bodaboda na katibu hakujua amwandike wapi. Hatimaye aliacha kusubiri, akawa anatoka nje baada ya ibada ya kwanza na kukaa kwenye benchi la vijana wale. Sijui kama takwimu za usharika zitamhesabu kuwa mtumishi.

Kwa nani, basi, ningeipendekeza kozi hii? Kwa mtu aliyestaafu na anayejiuliza afanye nini na miaka yake, ninaipendekeza bila kusita, na vivyo hivyo kwa mtu aliyetoka katika kipindi kigumu na ambaye tayari amepata nafuu ya kutosha kukizungumzia. Kwa kijana anayetarajia dodoso limwambie yeye ni nani, ningemshauri alichukulie kama mazungumzo ya kuanzia, kisha awaulize watu watatu wanaomfahamu vizuri wanamwona anafaa wapi. Kwa aliye katikati ya msiba au ya ndoa inayovunjika, asubiri. Au ahudhurie, lakini akatae kusoma karatasi yake. Kwa mchungaji anayefikiria kukialika kikundi, ushauri wangu ni amwombe yule dada wa Jumamosi ya tatu afundishe pia Jumamosi ya kwanza, afupishe kipindi cha haiba, na kabla ya yote aketi na wazee wake waulizane kama wako tayari kupokea mapendekezo ambayo hayamo katika kalenda ya usharika. Ada ya shilingi 30,000 ni halali kwa Jumamosi ya tatu peke yake.

Nimeulizwa na baadhi ya ndugu kama kuna kilichobaki baada ya kozi. Kipo, na ninachokifahamu kwa karibu zaidi ni cha fundi cherehani mmoja wa mtaani kwetu, mama aliyeacha shule darasa la tano na ambaye katika mstari wa maisha yake aliandika kwamba cherehani ndicho kilichomtoa katika kuomba. Kwenye ukurasa wake wa mwisho hakutaja karama yoyote. Aliandika kwamba Matendo ya Mitume sura ya 9 inamtaja Dorkasi wa Yafa kwa nguo alizowashonea wajane, na kwamba yeye anataka kuwafundisha kushona wasichana waliopata mimba wakiwa shuleni, Alhamisi alasiri, katika chumba cha nyuma ya kanisa. Aliruhusiwa. Alileta vyerehani viwili, kimoja chake na kimoja cha kuazima, na darasa lilianza na wasichana ambao baadhi yao huja na watoto mgongoni. Anawafundisha kwanza kupima kwa futi kamba na kukata karatasi za magazeti kabla ya kugusa kitambaa, kwa sababu kitambaa kilichokatwa vibaya hakirudi dukani. Sasa ana ombi la cherehani cha tatu, cha umeme, ambacho mshiriki mwingine wa kozi amekubali kukitoa, na kinachokwamisha ni kwamba baraza bado halijaamua nani atakuwa analipia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ya chumba kile.